Chuma Kinataka Kitu Kidogo

Hapa Kenya neno dopingi lina sifa mbaya. Ukilitaja, mtu anawaza mwanariadha aliyepimwa mkojo akapigwa marufuku. Lakini kwa watu wanaotengeneza chipu za simu na vyuma vya aina mpya, neno hilohilo ni la kazi, tena la heshima. Maana yake ni kuchukua kitu kigumu kilichopangika vizuri, ukakitia chembe chache za kitu kingine, mpaka tabia yake yote ikabadilika. Chembe zenyewe ni chache kwelikweli: pengine moja katika mia, pengine hata chini ya hapo. Kwa lugha ya mtaani tungesema umekipa kitu kidogo.

Nimekuwa nikisoma historia ya chuma kwa miezi kadhaa sasa, na kila nikifungua ukurasa nakutana na hicho kitu kidogo. Chuma kitupu, kisichochanganywa na chochote, si cha kutisha. Ni laini. Ukikitengenezea panga litapinda kwenye mti wa kwanza. Kutoka tanuri za udongo za kando ya Ziwa Victoria hadi maabara za Tokyo na Beijing, historia ya chuma ni historia ya watu waliojifunza kukitia kitu kidogo, kwa kipimo, katika moto unaofaa. Na sehemu ya historia hiyo ni yetu sisi watu wa ziwa, ila tumeiacha ilale.

Nikiwaambia watu hapa Kakamega kwamba naandika kuhusu madini, wote wanafikiri ni dhahabu. Siwalaumu. Mwaka 1931 Mmarekani aliyeitwa L. A. Johnson alipata dhahabu hapa, na wazungu walowezi, ambao wakati huo walikuwa wamebanwa na mdororo wa uchumi wa dunia, wakamiminika na sululu zao. Desemba 1932 serikali ya kikoloni ikabadilisha sheria ya ardhi ya wenyeji, sheria iliyokuwa haijamaliza hata miaka mitatu, ili ardhi ya watu ichukuliwe kwa uchimbaji bila kupewa ardhi nyingine badala yake. Mgodi wa Rosterman ukafanya kazi hadi 1952, na mpaka leo Rosterman ni jina la mtaa. Dhahabu ilituachia kesi, mashimo na majina. Chuma kilikuwa hapa karne nyingi kabla yake, na hakina hata bango.

Hebu tuanzie Siaya, kusini-magharibi mwa hapa. Kuna mahali panaitwa Urewe. Mwaka 1948 Mary Leakey, Louis Leakey na Archdikoni Walter Owen walichapisha maelezo ya vyungu vya kale vilivyopatikana sehemu hizo, vyungu vyenye kibonyeo kwenye kitako. Baadaye vyungu vya aina hiyo vilipatikana Rwanda, Burundi, Uganda, mashariki ya Kongo na kaskazini-magharibi mwa Tanzania, na mara nyingi vilikuwa karibu na mabaki ya kuyeyusha chuma. Kwa hiyo wataalamu wa mambo ya kale duniani kote, wakitaka kuwataja wafua chuma wa kwanza wa Maziwa Makuu, wanasema “Urewe”. Jina la kijiji chetu limekuwa jina la enzi nzima.

Karibu zaidi na nyakati zetu kuna Samia, kwenye vilima vya Busia vinavyolitazama ziwa. Mawe ya vilima vile yana chuma. Wahunzi wa Samia waliyachimba, wakayayeyusha, wakafua majembe yaliyosafiri kwa miguu na kwa mitumbwi kwenda kwa Waluhya wengine na kwa Wajaluo. Jembe halikuwa kifaa cha shamba tu. Lilikuwa akiba, lilibadilishwa na mbuzi na nafaka, liliingia kwenye mahari. Mtu aliyeoa kwa majembe alikuwa ameoa kwa kitu ambacho mwenzake angekipiga kwa kidole, akakisikiliza, akajua kama ni kizuri au ni takataka.

Sasa, uzuri wa jembe unatoka wapi? Hapa lazima niingie kidogo kwenye sayansi, mnivumilie.

Jiwe la chuma ni chuma kilichoshikana na oksijeni. Kwenye tanuri, makaa yakiungua kwa hewa isiyotosha hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, nayo huipokonya ile oksijeni. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,538, lakini wahunzi wetu hawakuhitaji kufika huko. Kwenye nyuzijoto 1,200 hivi, uchafu wa jiwe huyeyuka na kutiririka (Waswahili huuita mavi ya chuma) na chuma chenyewe hubaki kama bonge lenye matundu, kigumu bado, kinachosubiri nyundo.

Likiwa motoni, bonge hilo linafanya jambo ambalo jicho haliwezi kuliona. Atomu za chuma hukaa kwa mpangilio, kama viti vya kanisani. Chini ya nyuzijoto 912 mpangilio ni wa aina moja. Joto likipita hapo, viti vinajipanga upya. Mpangilio wa namna hiyo, wenye tabia zake, ndio wanasayansi wanauita fezi. Fezi ya chini inaitwa feraiti, na haitaki wageni: inakubali kaboni isiyozidi sehemu 2 katika 10,000. Fezi ya juu, ostenaiti, ni karimu. Inaweza kubeba kaboni hadi sehemu 2 katika 100. Kwa hiyo ukitaka kuingiza kaboni ndani ya chuma, lazima ukifikishe kwanza kwenye fezi inayofungua mlango. Halafu ukikizamisha ghafla kwenye maji, mlango unafungwa kaboni ikiwa bado ndani, haina pa kutokea. Mpangilio unajikunja kwa nguvu, na hapo chuma kinakuwa kigumu cha kukata.

Kaboni ikiwa kidogo mno, jembe linapinda. Ikiwa nyingi mno, linavunjika kama chungu. Kati ya hapo na hapo kuna nafasi nyembamba, na ndani ya nafasi hiyo ndimo ilimo pua. Ndiyo, pua: Kiswahili kina neno lake cha zamani kwa chuma chenye kaboni, na mpaka leo tunasema chuma cha pua. Kina na jingine, feleji, kwa ile pua ya hali ya juu kabisa, ya panga. Lugha haiweki maneno matatu kwa kitu kimoja bila sababu. Watu waliosema chuma, pua na feleji walikuwa wanaona tofauti, na walikuwa wanalipa bei tofauti. Mwanajiografia al-Idrisi, akiandika mwaka 1154, alitaja Malindi kama mji wenye migodi ya chuma na biashara yake. Mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Kenya, Chapurukha Kusimba, amefanya kazi kwa miaka mingi kuonyesha kwamba miji ya Waswahili ilifua chuma chake yenyewe, haikuishi kwa kununua tu.

Lakini ushahidi unaozungumzwa zaidi ulimwenguni uko ng'ambo ya ziwa letu, Buhaya, karibu na Bukoba. Pale Katuruka kulikuwa na mti mkubwa ulioitwa Kaiija, jina linalohusishwa na mahali pa kufulia chuma. Wazee walisimulia kwamba Mfalme Rugomora Mahe aliamuru ujengwe mnara wa chuma ufike mbinguni, na mnara ukaanguka. Ukisikia hadithi kama hiyo leo utacheka, utasema ni ngano za jioni. Mmarekani Peter Schmidt, aliyefika huko mwishoni mwa miaka ya 1960, hakucheka. Aliwasikiliza wazee, akachimba pale walipomwonyesha, na chini ya ardhi akakuta mabaki ya kazi ya chuma ya kale sana. Hadithi ilikuwa imeshika mahali kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliwasha tanuri tena, Schmidt akiwatazama. Hawakuwa wameyeyusha chuma kwa karibu miaka hamsini. Walikuwa vijana walipoiona kazi hiyo mara ya mwisho. Huyu alikumbuka udongo wa kichuguu unaojenga ukuta wa tanuri, yule alikumbuka makaa ya mti gani, mwingine mivukuto. Walijaribu, wakarekebisha, wakajaribu tena, mpaka chuma kikatoka.

Kilichowashangaza wanasayansi ni mambo mawili. Kwanza, shimo la tanuri lilijazwa nyasi za kinamasi zilizochomwa zikawa makaa, na chuma kilipodondoka juu yake kikanywa kaboni. Ndicho kile kitu kidogo. Pili, mirija ya udongo ya kupitisha hewa ya mivukuto iliingizwa ndani kabisa ya tanuri, hivyo hewa ilipata joto kabla ya kufika motoni. Septemba 1978 Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery waliandika kwenye jarida la Science kwamba watu wa eneo hilo walikuwa wakitengeneza chuma chenye kaboni kwa njia hiyo miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Tanuri walizochimba Kemondo zilikuwa na dalili zilezile.

Wapo waliopinga. J. E. Rehder alisema hewa ndani ya mirija ile haiwezi kupata joto la kutosha kuleta tofauti wanayodai. Ubishi huo uliendelea kwa miaka kwenye majarida, na mimi naona ni ubishi wa heshima, kwa sababu wanabishana juu ya tanuri ya Kiafrika kama wanavyobishana juu ya injini. Hata ukiondoa suala la hewa ya moto, kaboni imo ndani ya kile chuma. Hiyo haibishaniwi.

Kwa nini basi kazi hiyo ilikufa? Reli ilifika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, Desemba 1901. Majembe ya kiwandani kutoka Uingereza yakaanza kushuka kutoka kwenye mabehewa. Jembe la kiwandani lilikuwa rahisi, na kila jembe lilifanana na mwenzake. Kodi ya nyumba ililazimisha vijana kutafuta pesa, wakaenda mashamba ya wazungu. Nani angebaki kupiga mivukuto siku nzima? Mhunzi aliendelea kufua, lakini sasa alifua chuma kilichokwisha kuyeyushwa Ulaya. Ufuaji ulibaki, uyeyushaji ukaenda. Hiyo ni hasara ambayo haionekani haraka, kwa sababu nyundo bado inalia.

Bado inalia hata leo. Kwenye vibanda vya jua kali hapa mjini kuna mzee anayetengeneza mapanga na majembe kwa springi za lori kuukuu. Nilimuuliza kwa nini asitumie vyuma vya ujenzi, vimejaa kila mahali na ni rahisi.

“Kijana, hivyo ni vya kushika simiti,” aliniambia. “Hata ukivizamisha kwenye maji mara mia, ni bure. Springi ndiyo inashika.”

“Na unajuaje imepata moto wa kutosha, mzee?”

“Kufua, iwe kama kiini cha yai la kienyeji. Kuzamisha, iwe kama nyanya iliyoiva. Halafu unairudisha motoni kidogo mpaka ipate rangi ya nyasi kavu. Ukiacha hiyo, panga litavunjika mkononi mwa mtu.”

Springi ya lori ina kaboni ya sehemu 5 au 6 katika 1,000. Chuma cha kawaida cha ujenzi huwa na chini ya nusu ya hiyo. Mzee amechagua dopingi yake kwa kuchagua takataka inayofaa, na anapima fezi kwa nyanya.

Sasa nataka tupande ndege twende Japani, kwa sababu hadithi ya kitu kidogo haikuishia kwenye panga.

Mwaka 1911, mjini Leiden, Mholanzi Heike Kamerlingh Onnes alipoza zebaki hadi nyuzijoto 269 chini ya sufuri, na umeme ukapita ndani yake bila kizuizi chochote. Hakuna joto lililopotea. Kitu cha namna hiyo kinaitwa sapakondakta, na mashine za MRI hospitalini zinafanya kazi kwa nyaya kama hizo. Tangu hapo watu wamekuwa wakitafuta sapakondakta isiyohitaji baridi kali hivyo. Dhahabu, ile iliyowaleta walowezi Kakamega, haijawahi kuwa sapakondakta kwa baridi yoyote waliyoijaribu. Shaba na fedha pia. Chuma kilionekana kibaya kuliko vyote, kwa sababu kina usumaku, na usumaku kwa kawaida huvunja sapakondakta. Mwaka 2001 Wajapani walionyesha kwamba chuma kitupu kinaweza, lakini kwa kugandamizwa mno, kwa shinikizo la zaidi ya mara 150,000 ya hewa tunayopumua.

Halafu Februari 2008 kundi la Hideo Hosono, Tokyo, lilitoa habari iliyoamsha maabara nyingi. Walikuwa na kiwanja cha lanthani, chuma, aseniki na oksijeni. Kikiwa kitupu si sapakondakta. Kikipoa kufika karibu nyuzijoto 120 chini ya sufuri, mpangilio wake unajipinda, na usumaku wa atomu za chuma unajipanga huku na kule. Wakaondoa oksijeni kidogo, wakaweka florini mahali pake. Walipofika karibu atomu 11 katika kila 100 za oksijeni, ule usumaku uliopangika ulikuwa umetoweka, na kiwanja kikawa sapakondakta kwenye nyuzijoto 247 chini ya sufuri. Miezi michache baadaye Wachina walibadilisha lanthani kwa samari wakafika 218 chini ya sufuri. Bado ni baridi ya ajabu, lakini ni chuma, kile kilichokuwa kimefukuzwa darasani.

Nilipokuwa nasoma jinsi wanavyoitengeneza, nilisimama. Wanasaga unga, wanaufunga kwenye mrija usiingize hewa, wanautia kwenye tanuri ya nyuzijoto 1,250 hivi kwa saa 40. Joto hilo si mbali na la tanuri ya Samia. Wakizidisha florini haiingii; inajitenga na kuwa takataka pembeni, yaani mavi ya chuma ya karne hii. Na kuna sapakondakta nyingine rahisi zaidi, ya chuma na seleni tu. Mwaka 2009 watafiti wa Princeton walionyesha kwamba chuma kikizidi kwa sehemu 1 katika 100, inafanya kazi. Kikizidi kwa 3, inakataa kabisa. Isitoshe, ukiiacha ipoe polepole inageukia fezi isiyofaa. Kwa hiyo wao huizamisha ghafla kwenye maji baridi ya chumvi. Mzee wa springi angewaelewa mara moja.

Si ati nasema babu zetu walitengeneza sapakondakta. La. Hawakuwa na florini wala heliamu, na kulinganisha si kusawazisha. Kaboni katika pua inazuia atomu zisiteleze. Florini katika kiwanja cha Hosono inabadilisha idadi ya elektroni, na jinsi elektroni hizo zinavyoshikana jozi ni swali ambalo wanafizikia bado wanagombania. Ninachosema ni kwamba swali la mikono ni lilelile: unaanza na nini, unatia kiasi gani, kwa moto upi, hewa iingie au isiingie, na unapoza vipi ili fezi unayoitaka isikuponyoke. Swali hilo liliulizwa na kujibiwa hapa, kando ya ziwa hili, na watu ambao vitabu vya shule vinawapa sentensi moja: “Walikuwa wafua chuma.”

Hapa mjini tuna Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Kilianza mwaka 1972 kwa jina la WECO, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Walimu na wanafunzi wa fizikia wa hapo wameandika karatasi za nadharia kuhusu sapakondakta. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, mahali pengine, kwa hiyo nazisoma karatasi hizo kama mtu aliyesimama mlangoni. Lakini nazisoma, na najivunia kwamba zimetoka Kakamega. Nadharia inahitaji karatasi, kompyuta na kichwa. Kutengeneza kunahitaji tanuri, mirija iliyofungwa, heliamu ya kimiminika, na pesa ambazo hazipo. Kwa hiyo tumefika mahali pa ajabu: miaka mia moja na kitu iliyopita eneo hili lilijua kutengeneza bila kuandika, sasa linajua kuandika, na kutengeneza kunafanywa Tokyo na Beijing.

Na pengo hilo lina saa yake. Buhaya ilibahatika kwa sababu mwaka 1976 bado kulikuwa na wazee waliokuwa wameiona tanuri kwa macho. Miaka ishirini mbele wangekuwa kaburini wote, na makala ya Science isingeandikwa. Mzee wa springi hapa kwetu hana mwanafunzi. Vijana wanapenda kuchomelea mageti, pesa inakuja haraka. Ile hesabu yake ya yai, nyanya na nyasi kavu haijaandikwa popote isipokuwa hapa.

Kutoka kwenye vibanda vile hadi lango la chuo ni mwendo mfupi wa boda. Ningependa kuona mwanafunzi anayesomea fezi ameketi pale na kipimajoto, akiandika kila rangi na nyuzi zake, na siku nyingine mzee naye aalikwe maabara aonyeshwe kwa darubini kilichomo ndani ya panga lake. Hiyo haihitaji heliamu. Inahitaji nauli, daftari, na mtu wa kusema “Hodi, mzee.”